Muulize Masi: Kikapu na kamba

Barua kumi na nne ziko mezani kwangu mwezi huu, na tisa kati ya hizo zinahusu jambo lile lile: Wahindi walioshuka ndege juzi, au Waswahili wanaofanya nao kazi na kuishi nao mlango kwa mlango. Toleo hili nimewapa wao. Wale wa ndoa na wakwe mtanivumilia hadi mwezi ujao.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza: "masi" kwa Kigujarati ni mama mdogo, dada wa mama. Nimezaliwa Kisutu, Dar es Salaam, mwaka 1953. Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka 31, mpaka chaki ikanitoka puani. Kaka zangu wako Leicester. Majina ya waandishi nimebaki nayo mwenyewe.

*

*Shikamoo Masi. Natoka Rajkot, nimeolewa na mhasibu, tumefika Dar miezi minane iliyopita. Tunakaa Upanga, ghorofa ya nne. Mume huondoka saa moja asubuhi, hurudi usiku. Nina dada wa kazi anayekaa hadi saa nane mchana, baada ya hapo nina simu yangu tu. Chini ya jengo kuna mama anauza mboga. Majirani walinifundisha kushusha kikapu kwa kamba: unaweka pesa, unasema unachotaka, unavuta. Nikajifunza maneno: leta nyanya, leta kotimiri, punguza, haraka, hii mbovu. Wiki iliyopita nilishusha kikapu, yule mama akakitazama, kisha akaendelea kuchambua mchicha wake. Niliita mara tatu. Kijana mmoja akanipazia sauti: "Anasema ushuke umsalimie, yeye si mtoto wako." Nimeona aibu, sasa hata dirishani sisogei. Nimekosea nini, wakati pesa nampa kamili?*

(Aliandika kwa Kigujarati, nimemtafsiria.)

Mwanangu, pesa hukumpunja. Umempunja salamu.

Nianze na hicho kikapu, maana nakijua. Bibi yangu mzaa baba alifika hapa mwaka 1934 kwa meli ya Karanja kutoka Bombay. Akapandishwa ngazi za nyumba ya Kisutu, na ni kama hakushuka tena. Kikapu chake kilikuwa cha ukili, kamba ya katani, na pale kamba ilipopita kila siku, ubao wa roshani ulikuwa umeliwa kijifereji laini ambacho mimi nilipenda kukipitisha kidole. Chini alikuwapo mzee wa Kizaramo, muuza nazi na mihogo. Walifanya biashara miaka zaidi ya ishirini. Kikapu kinashuka na sarafu, kinapanda na nazi tatu, na mara nyingine na embe moja la nyongeza ambalo hakuna aliyeliomba.

Nilikuwa na miaka mitano siku kikapu kiliposhuka kikakaa chini mpaka jua likahama upande wa pili wa barabara. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu bibi akamtuma baba akaulizie yule mzee yuko wapi. Baba akamuuliza: mzee yupi, anaitwa nani, yukoje? Bibi akafungua kinywa, akakifunga. Alichokijua ni kofia ya viua iliyofumwa kwa uzi wa kahawia, na viganja viwili vinavyopokea. Kutoka ghorofa ya pili, miaka yote ile, alikuwa amemwona mtu kwa utosi. Baadaye tulisikia kuwa alikwisha kuzikwa, kwao upande wa Kisarawe. Bibi alishinda siku nzima bila kula, na hatukuwa na jina la kumtaja kwenye maombi.

Basi hicho ndicho kikapu. Na Kiswahili ulichofundishwa nacho nakijua pia, mimi nakiita Kiswahili cha kamba. Kina vitenzi vinne na vyote ni amri. Wahindi wengi tumezeeka nacho hapa mjini, tunamiliki maduka kwa lugha ya maneno arobaini, na bado tunashangaa kwa nini watu wanatuona wakali.

Kosa lako lina sababu, nami nalielewa. Wewe umekulia kwenye Kigujarati, ambamo heshima imeshonwa ndani ya kitenzi. Mtoto unamwambia "aap", nipe. Mkubwa unamwambia "aapo". Ukitaka kumlainisha kabisa, "aapjo". Kuna "tu" na kuna "tame", na ukichanganya unapigwa kofi. Umefika hapa ukaitafuta "tame" ya Kiswahili, ukakuta "wewe" ni ile ile kwa rais na kwa paka, ukadhani lugha hii haina adabu, kwa hiyo "leta" yatosha. Kumbe adabu ipo, imewekwa mlangoni. Inakuja kabla ya shughuli. Mtu anayeanza na nyanya kabla ya shikamoo ni sawa na anayeingia hekaluni na viatu.

Kesho asubuhi shuka, mikono mitupu, pochi tu. Kama amekuzidi umri: "Shikamoo mama." Subiri "marahaba", usiirukie. Halafu umetoka Rajkot, unajua kuulizia habari za watu: habari za nyumbani, watoto hawajambo, biashara inaendaje. Nyanya bado usizitaje. Sema: "Mama, nisamehe, nilikuwa sijui." Yeye ndiye atakayekuuliza unataka nini leo, na hapo jibu linaanza na "naomba". Naomba fungu moja la nyanya. Najua neno hilo linakukera. Mgeni mmoja niliyemfundisha aligoma kabisa kulitamka, akaniambia hakuvuka bahari kuja kuwa ombaomba. Lakini hapa waziri anaomba chumvi, na tajiri anaomba bili. Ni "aapjo" yako hiyo, uliyokuwa ukiitafuta.

Atakucheka Kiswahili chako. Mwache acheke. Siku atakayokusahihisha ngeli jua amekukubali. Na siku usiyonunua, pita umsalimie hivyo hivyo. Atakutupia kishungi cha kotimiri bila kukudai hela. Utakuwa umegundua hilo neno halikukupa tabu: ni "kothmir" yetu, ilipanda jahazi kuja pwani hii kabla ya bibi yangu kuzaliwa. Chapati, kachumbari, laki, bima, bepari, zote zilikuja kwa pepo zile zile. Waswahili walishatupokea kwenye sentensi zao zamani. Sisi ndio tuliobaki juu kwenye roshani.

Jambo la pili hukuliuliza. Unasema dada wa kazi yuko kwako hadi saa nane, halafu unasema una simu tu. Mwanangu! Mtu mzima, anayejua lugha, anayejua mji, yuko chumba kimoja na wewe saa sita kwa siku, na humhesabu? Mwombe akufundishe maneno matano kila siku wakati mnachambua mchele. Wewe mfundishe kusukuma thepla, zile chapati zetu za viungo. Kuleni meza moja. Na kama jikoni kuna kikombe cha pembeni, kile chenye ufa ambacho ni cha dada peke yake, kitoe leo. Usiniambie ndivyo mlivyokuta kwenye hiyo nyumba. Hata kwetu kilikuwepo, na aliyekivunja ni mama yangu, akidai kimemteleza.

Kamba ibakize kwa siku za mvua. Ngazi za ghorofa nne si mchezo, nami magoti yangu yananishuhudia.

*

*Masi, mimi ni muuguzi kutoka Kerala, huu mwaka wangu wa pili Dar. Chakula hakinisumbui, mhogo na samaki wa nazi ndivyo nilivyokulia. Tatizo ni jirani. Alinilelea mtoto siku tatu nilipokuwa zamu ya usiku, akakataa hela. Nikaenda Mtaa wa Uhuru nikamnunulia doti ya kanga, nyekundu na nyeusi, ile nzuri kuliko zote dukani. Akaifungua, akasoma, akasema asante. Tangu siku hiyo mlango wake umefungwa. Nakutumia picha ya maandishi.*

Nimeiona picha. Maandishi yanasema: HASIDI HANA SABABU.

Nimecheka hadi mjukuu wangu akaja kuangalia kuna nini, kisha nikakuhurumia. Dada yangu, kanga ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na chini ya mji ina jina. Wewe umenunua pindo na mji. Jirani amepokea jina. Hasidi ni mtu mwenye choyo, anayechukia mwenzake akipata. Jina lile linamaanisha mtu wa namna hiyo hahitaji sababu ya kukuchukia. Mwanamke wa pwani akipewa kanga, macho yake yanakwenda kwenye yale maneno kabla hajagusa kitambaa, maana hapa wanawake wamegombana na kupatana kwa kanga miaka mingi bila kufungua kinywa. Mke mwenza, wifi, jirani wa ukuta mmoja: unamvalia tu, unapita mbele yake taratibu. Sasa huyu amekulelea mtoto siku tatu, kaletewa zawadi inayomwita hasidi. Ungekuwa wewe?

Linalonichekesha zaidi ni hili. Kanga nyingi zinazouzwa mjini zinachapwa India. Huenda hiyo yako ilitoka kwenye mashine ya mtu asiyejua neno moja la Kiswahili, ikavuka bahari yote ile, ikanunuliwa na Mhindi mwingine asiyejua kusoma alichonunua, ili jirani mmoja mwema anune.

Nenda umgongee. Mwambie ukweli wote, kwamba hukujua kama yale ni maneno ya kusomwa, ulidhani ni chapa ya kiwanda. Usipeleke doti ya pili umeichagua mwenyewe. Mwombe mwende wote Mtaa wa Uhuru achague yeye, wewe ulipe.

(Jibu hili nilimtumia kwa simu kabla ya gazeti, maana jambo lilikuwa la moto. Ameniandikia jana. Walikwenda pamoja, jirani akachagua WEMA HAUOZI. Ile ya kwanza hakuirudisha. Anaivaa akienda sokoni, anasema kuna mtu pale inamfaa.)

*

*Shikamoo Masi. Nafanya kazi stoo ya vifaa vya ujenzi. Bosi mpya ametoka India mwezi wa tatu. Nilimwomba ruhusa ya Ijumaa nimpeleke mwanangu kliniki, akatikisa kichwa. Nikajua amekataa, nikaja kazini. Ananiuliza, mbona hukwenda? Jumatatu akaniambia tukutane benki saa nne. Nimekaa benki tangu saa nne asubuhi, yeye kaja saa kumi jioni na benki imefungwa, na amekasirika yeye. Huyu mtu ni mzima?*

Marahaba. Ni mzima kabisa.

Kichwa kwanza. Mtazame vizuri safari ijayo. Anayekataa hugeuza kichwa kushoto na kulia, kidevu kinatembea. Huyu wako kidevu kinabaki pale pale ila masikio yanaelekea mabegani, moja halafu jingine, kama mizani ya dukani inayotafuta uzito. Hiyo ni ndiyo. Wakati mwingine ni "sawa", au "nimesikia", au "tutaona Mungu akipenda". Mimi nimezaliwa hapa na bado linanitoka nikiwa kwenye simu, ambako hakuna anayeniona. Ukiwa na shaka muulize kwa mdomo: "Kwa hiyo niende?" Hatakasirika.

Saa ni ngumu zaidi, kwa sababu kila mmoja wenu alikuwa sahihi. Kwetu saa zinahesabiwa tangu jua linapochomoza, saa ya kwanza ikitimia ndiyo saa moja. Yeye anahesabu tangu usiku wa manane, na anaanza upya adhuhuri. Amejifunza namba za Kiswahili vizuri, moja, mbili, tatu, nne, akazipachika juu ya saa yake ya kwao. Kwa hiyo "saa nne" ya kinywa chake ni saa kumi yako. Pale shuleni tulikuwa na mwalimu wa hesabu kutoka Madras aliyekosa mitihani miwili ya kusimamia kwa sababu hiyo, mpaka mkuu wa shule akachora saa ya ukutani kwenye karatasi na kuandika namba zetu kwa wino mwekundu kando ya zile za kawaida. Mchoree bosi wako kama hiyo, ibandike stoo. Mpaka atakapozoea, msiambiane namba. Muoneshe mshale.

*

*Mimi ni mtaalamu wa kompyuta, natoka Hyderabad. Ndani ya miezi mitatu wenzangu kazini wamenipa kadi nane za harusi. Watu wakarimu sana. Nilikwenda kwenye ya kwanza na bahasha yangu, nikazuiwa mlangoni. Kulikoni?*

Kwa sababu ile haikuwa kadi ya mwaliko, ilikuwa kadi ya mchango. Isome tena. Kuna mahali imeandikwa singo kiasi fulani, dabo kiasi fulani, na namba ya simu ya mweka hazina. Harusi huku ina kamati, ina vikao, ina bajeti, na wewe ni sehemu ya bajeti. Ukishalipa ndipo inakuja kadi ya pili, ya kuingilia ukumbini, na hiyo ndiyo mlinzi anaitaka.

Kwenu mgeni anakwenda na bahasha siku yenyewe, rupia 501 au 1,001, ile moja ya juu isikosekane. Hela inaifuata harusi. Huku hela inaitangulia. Ukishaelewa hilo utaona hakuna aliyekutapeli.

Si lazima uchange zote nane, hakuna mshahara unaoweza. Wa idara yako, anayekaa meza ya jirani, changia. Wengine watumie kidogo na maneno mazuri, au sema mapema kwamba mwezi huu umebanwa. Kunyamaza ndiko kunakoudhi. Msiba lakini hauna kadi. Ukisikia mwenzako amefiwa, unakwenda, unakaa kwenye mkeka na wanaume wenzako, unatoa rambirambi, na huna haja ya kujua la kusema. "Pole" inatosha, na kukaa.

*

*Mke wangu anapika dhokla na kachori ambazo ofisi nzima inazisifu. Yeye yuko hapa kama mtegemezi wangu. Tunataka aanze kuuza nyumbani, na baadaye tufungue kibanda. Masi unaonaje?*

Naona msifungue. Kibali cha ukaazi na kibali cha kazi ulichonacho ni chako, hakimfuniki mke. Pasi ya mtegemezi inamruhusu kuishi nawe, haimruhusu kufanya kazi wala biashara. Juu ya hapo kuna amri ya serikali ya Julai 2025 iliyowafungia wasio raia biashara 15, zikiwamo za rejareja na viwanda vidogo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 10, au jela, na viza kufutwa. Msije mkamtafuta Mtanzania wa kuwaazima jina kwenye leseni. Naye amri hiyo hiyo inamkamata.

Babu yangu alianza na meza moja ya mbao na gunia la chumvi, kwa hiyo najua unafikiria wale Wahindi wa zamani walivyoanza. Zama zile zimepita, na aliyefika leo anaishi kwa sheria za leo. Kama kweli mna mtaji wa kuwekeza, muone mwanasheria, kuna kibali cha daraja jingine kwa wawekezaji. Kama ni kachori tu, agawe kwa majirani. Nami nakaa Kisutu.

*

*Masi, naishi Mwanza mwaka wa tisa sasa, kwetu ni Ahmedabad. Mwanangu ana miaka minane, amezaliwa hapa. Kigujarati anakielewa lakini anajibu kwa Kiswahili. Mama yangu akipiga simu analia, anasema nimempotezea mjukuu. Mke wangu anataka turudi India mtoto asije akasahau yeye ni nani. Mimi nafikiria kuomba uraia. Tufanyeje?*

Umeniuliza mawili, moja ni la karatasi na jingine ni la moyo. La karatasi ni jepesi. Kwa sheria ya uraia ya 1995, anayeomba awe amekaa nchini mfululizo mwaka mzima kabla ya kuomba, na ndani ya miaka kumi iliyotangulia huo mwaka awe amekaa jumla ya miaka saba. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Hapo miaka yako inatosha. Ila Tanzania haitambui uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima anayeomba, na India nayo vilevile: siku unapokuwa Mtanzania kwa hiari yako, Uhindi wako wa pasipoti umekwisha na unatakiwa kuisalimisha. India inawapa waliokuwa raia wake kadi ya OCI, unaingia na kukaa bila viza, lakini hupigi kura wala hununui shamba. Fikiria shamba la baba yako huko kabla hujasaini.

La moyo, ngoja nikusimulie.

Mwaka 1971 ilipita sheria ya kutaifisha majengo yanayozidi thamani ya shilingi laki moja. Nyumba yetu, ile yenye kijifereji cha kamba, ilikuwamo. Sina kesi na mtu, tulibaki mle mle kama wapangaji. Lakini kaka zangu wawili walifunga mizigo. Mkubwa akaenda Leicester mwaka 1972, akakuta mji umejaa watu wetu wa Uganda, wale ambao Idi Amin alikuwa amewapa siku 90 kuondoka. Mimi nikabaki na baba, na nikabaki na Kiswahili.

Nilimtembelea kaka mwaka 1996. Asubuhi ya kwanza niko jikoni, nje theluji, wifi yangu ananipikia chai. Anaongea na binti yake Kigujarati, na mimi nasikia: niletee sufuria. Fagio liko wapi. Kata mogo kwa hicho kisu. Weka jugu kwenye bakuli. Hakuwa anaongea Kiswahili kwa makusudi, angekataa hata ungemwapisha. Yalikuwa yamekwishaingia kwenye Kigujarati chake, yamekaa kama wapangaji wa siku nyingi.

Yule binti alizaliwa Leicester, hajawahi kuona Afrika. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alikwenda Ahmedabad, mji wako, akaingia duka la vyombo akaomba sufuria. Muuzaji akamwambia hana. Akaionyesha kwa kidole, ile pale. Muuzaji akasema, hii inaitwa tapeli, binti, wewe umetoka wapi? Kwa Kigujarati sufuria ni tapeli, msomaji wangu Mswahili usicheke. Binti akampigia mama yake simu usiku huo, amekasirika kweli: kwa nini mlinifundisha Kigujarati kibovu? Wifi akawaza, akasema, sijakufundisha kibovu, nimekufundisha cha Dar.

Nakueleza haya kwa sababu mkeo anadhani mkirudi India mtoto atarudi alikotoka. Atafika Ahmedabad akiwa mtoto wa Mwanza, na watoto wa darasani watamuuliza kama yule muuzaji alivyouliza. Hilo si la kumzuia asirudi, familia nyingi zimerudi na watoto wamekua vizuri. Nasema tu msirudi kwa sababu hiyo.

Kuhusu simu za mama yako. Bila shaka akipiga anamuuliza mjukuu "unaendeleaje" na "umekula nini". Mtoto wa miaka minane hana lugha kwa maswali hayo, hata kwa Kiswahili hana. Mpe bibi kazi. Simu iwekwe jikoni, bibi aelekeze, mtoto afanye: leo tunakaanga bizari, leo tunasukuma rotli, ipi imeungua tuione. Mkono ukiwa na shughuli ulimi unafunguka, hilo nimeliona darasani miaka 31. Kila Jumapili bibi afundishe neno moja, na mjukuu afundishe neno moja, mama yako aulizwe wiki inayofuata kama amekumbuka. Utaona nani ataanza kulia kwa kucheka. Waanze na kotimiri, hilo wote wawili wanalo tayari.

Na mkeo, mwambie aniandikie mwenyewe. Barua yako ina "mke wangu anataka" mara moja tu, na mimi nataka kusikia zilizobaki.